Firigisi ya Baba

Nina watoto watatu sasa, lakini nikinusa manyoya ya kuku yakibabuliwa motoni, narudi palepale jikoni kwa mama.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nyumbani kwetu Shirere. Mwalimu alikuwa ameniazima kitabu kikuukuu kisicho na jalada, hadithi ya bibi mmoja wa Kizungu aliyestaafu kazi ya posta, akawa anazunguka kijijini kwa baiskeli akiwasaka wezi wa birika za fedha. Kila mara aliwakusanya watu sebuleni, wakanywa chai, akamtaja mwizi, na mambo yakatengemaa. Nilikisoma hadi nikaanza kupeleleza nyayo za mbuzi.

Jumapili moja kaka zake baba walikuja, mama akapika ingokho, kuku wa kwetu. Kwetu imondo, yaani firigisi ya kuku, ni ya mwenye nyumba, na mwanamke haionji. Baba alifunua bakuli, akakoroga mchuzi mara mbili, mara tatu.

"Mama Khasandi, imondo iko wapi?"

Mama alitazama chini. Baba mkubwa akadakia, "Hapa wanawake hawakulangi imondo. Huyu anakudharau."

Aibu ilimpanda baba. Kabla obusuma, ugali wetu, haujapoa alikuwa ameshaamua: kesho asubuhi mama arudi kwao Kabras.

Nilimwona mama akikunja nguo zake na nikaona dunia yangu imekwisha. Nani angenisuka nywele? Nani angenifunika usiku? Ndipo nikakikumbuka kitabu. Nikanusa sufuria, nikakagua vidole vya mdogo wangu, nikapekua hata majivu, huku machozi yakinitoka. Sikupata kitu.

Kukhu, mama yake baba, alikuwa amesinzia mkekani. Fundo la leso yake, alimofungia tumbako siku zote, lilikuwa na doa la mchuzi. Nililifungua polepole. Ndani mlikuwa na firigisi nzima, yenye alama za meno machache.

Saa ya chai nikasimama mbele ya wote kama yule bibi wa posta.

"Baba, mimi namjua mwenye imondo."

Kukhu alilishika fundo lake kwa mikono miwili, akanitazama. Sikuwahi kumwona mtu mzima akiniogopa. Nikafungua mdomo.

Mama akaweka birika chini. "Khasandi, keti. Ni mimi nilikula."

Aliondoka asubuhi. Kitabu nilikisukumia chini ya kitanda, nikalia siku tatu, nikimchukia Kukhu, nikimchukia mama zaidi kwa kusema uongo. Wiki ya pili Kukhu alimbeba jogoo wake wa pekee, akaenda Kabras, akarudi na mama. Waliyoongea huko hawakuniambia.

Nilijiona mpelelezi, kumbe mama alikuwa amekwisha kujua tangu jikoni. Sikuelewa mpaka nilipoanza kupika nyumbani kwangu: Kukhu alikuwa amepika imondo maisha yake yote, akaijaribu moja uzeeni, na meno hayakuiweza.

Tangu hapo mama aliichemsha firigisi hadi ikalainika, akakata kipande, akakitia kiganjani mwa Kukhu palepale jikoni. Iliyobaki ilikwenda mezani. Baba aliigeuza kwa kijiko, akaona ilipokatwa, akamtazama mama yake, akala bila kuuliza.