Chupa Zinapasuka Stoo na Ufunguo Anao Shangazi

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nimeolewa, nina watoto wawili. Naishi vijiji vya upande wa Kilimatinde, wilaya ya Manyoni. Nimesoma mpaka kidato cha nne. Naomba jina langu lisitajwe, ingawa wa huku wakisoma watanijua tu. Nimefika mahali sijali sana. Nina tabia ya kuandika kila siku yaliyotokea, pamoja na tarehe, kwa hiyo haya ninayoeleza sijayatia chumvi.

Nilipoolewa nilimkuta baba mkwe na shamba la zabibu. Ujanani alifanya kazi kwa bruda mmoja wa kizungu pale misheni, ndiye aliyemfundisha kulima bila dawa za dukani. Unachukua pembe la ng'ombe aliyewahi kuzaa, unalijaza samadi, unalizika shambani mvua zinapoisha. Baridi ikipita unalifukua. Ile samadi inakuwa haina harufu, imekuwa kama udongo wa msituni. Unaikoroga ndani ya maji muda mrefu, halafu unanyunyizia shamba zima jioni. Alifuata na mwezi pia, kuna siku za kupogolea na siku za kuacha. Mume wangu anafanya kazi reli na nyumbani anakuja kwa zamu, hivyo mzee alinifundisha mimi. Alisema nina mkono usio na haraka.

Wanunuzi wa serikali walipoacha kuja, wengi hapa waling'oa zabibu wakapanda alizeti. Mzee alisema kama biashara ni huria, basi na sisi ni huru. Tukaanza kutengeneza mvinyo wetu, ule wa povu, unaochachia ndani ya chupa yenyewe. Chupa nene tulikuwa tunaziokota kwenye mahoteli Dodoma. Zinakaa stoo vichwa chini kwenye mbao zilizotobolewa, na kila siku unaizungusha kila moja kidogo ili mashapo yashuke shingoni. Wakati wa joto unafungua dirisha usiku na kumwaga maji sakafuni, la sivyo zinapasuka. Hoteli moja ilishatuambia ikiridhika na hizi za mwaka huu itachukua kila msimu.

Mwaka huu katikati ya baridi mzee akafariki. Presha ilikuwa inamsumbua siku nyingi, na hospitali walisema hivyo hivyo. Baada ya arobaini, wakati wa kufukua ukafika. Nikachukua jembe nikaenda asubuhi kweupe, sikujificha. Nilikuwa nimetoa pembe la tatu nilipomwona shangazi, dada yake marehemu, amesimama kwenye njia na kuni zake. Nikamwamkia shikamoo. Aliangalia yale mapembe, akageuka, kuni akaziacha pale pale.

Jioni ukoo ukakaa. Nilieleza kila kitu tangu bruda mpaka kunyunyizia. Shangazi akaniacha nimalize, halafu akasema taratibu, "Mkwe wetu umesoma, unaongea vizuri. Sisi huku tunajua pembe likizikwa shambani, kuna mtu atalifuata ardhini." Watu wakaguna. Huyu ni shangazi yule yule ambaye kwenye harusi ya binti yake alikunywa mvinyo wetu bilauri kwa bilauri, akicheka kwamba unamtekenya pua. Siku ile hakuuliza zabibu zimekula nini.

Lakini shangazi simlaumu sana. Hakuwahi kuona, maana yeye aliolewa mbali na amerudi juzi tu. Kinachonichoma ni mume wangu. Yeye alikua akimshikia baba yake ndoo. Alikuwepo kwenye kikao, ameinamisha kichwa, anachora chini kwa kijiti. Tulipobaki wawili nikamuuliza kwa nini hakusema neno.

"Ningesemaje? Wangesema na mimi nimo."

"Kwa hiyo niwemo peke yangu?"

Akasema nimekuza mambo. Akasema ukoo unataka kitu kidogo tu, niombe msamaha mbele ya watu na mapembe yachomwe, yaishe. "Omba msamaha tu, mama. Neno halivunji mfupa."

Nimejaribu kumweleza kwamba msamaha huo si wa kuvunja sahani. Nikisema nisameheni, nimekubali kwamba nilimuua mzee aliyenilea kama mwanawe, na wanangu watakua wakiitwa watoto wa mchawi. Anasema ndiyo, anaelewa, halafu anarudia lile lile. Keshokutwa zamu yake inaanza, ataondoka, na mimi nitabaki nao.

Sasa sikieni lililonifanya niandike. Shangazi alifunga stoo siku ile ile ya kikao, ufunguo ameufunga kwenye pindo la khanga yake. Amesema itafunguliwa nikishaomba msamaha. Jua la sasa mnalijua. Dirisha limefungwa, maji hayamwagwi, chupa hazizungushwi. Wiki hii zimeanza kupasuka. Ya kwanza ilipolia watoto walikimbia, na jirani akaja kuuliza kama kuna bunduki. Shangazi akamwambia, "Ni marehemu huyo, anamtafuta mtu wake." Nikamwambia shangazi ni joto, nifungulie nimwage maji tu, unisimamie mlangoni. Akasema hata mchawi huomba maji.

Nikiomba msamaha, stoo itafunguliwa na kazi ya mzee itapona, ila mimi nitakuwa nimejitia kitanzi kwa mdomo wangu. Nikikataa, zitapasuka moja moja, na kila inayopasuka inakuwa shahidi juu yangu. Mtu mmoja tu anaweza kunitoa hapa kwa sentensi moja, naye sasa hivi anapanga nguo kwenye begi.

Imelia nyingine nikiwa naandika hapa. Hakuinua hata kichwa.

Ndugu wasomaji, mama zangu na dada zangu mlioolewa kwenye koo za watu, ungekuwa wewe ungefanyaje? Niambieni, nitasoma yote.