Upande Mmoja wa Gari la Mzee Gaspari

Nakumbuka Jumamosi ile uani kwetu Kabeza, mwanangu. Tulikuwepo mimi, mdogo wangu Fidele aliyekuwa anakwenda kuposa, Mzee Gaspari jirani yetu, na gari lake jekundu. Gari nalihesabu kwa sababu siku hiyo lilisema mengi kuliko sisi.

Wazazi walipofariki niliacha shule darasa la sita, nikawalea wadogo zangu kwa kuuza mkaa. Posa ya Fidele ndiyo iliyokuwa mtihani wangu: wakwe waone kwamba tumelelewa. Mzee Gaspari akatuazima gari, akakubali na kuwa msemaji wetu. Baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, akaenda kwake kuvaa.

Fidele, kwa haraka ya bwana harusi, akaligeuza gari uani. Komeo la geti likaukwaruza mlango wa kushoto.

"Yebabawe! Dada, nimekufa."

"Utakufa ukishaoa. Lete dawa ya meno."

Nilipitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Haukukwama, maana yake haukuwa na kina. Nikaosha vumbi, nikasugua dawa ya meno polepole kwa kitambaa laini, na mkwaruzo ukatoweka. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Gari lilikuwa limepaushwa na jua miaka mingi. Pale niliposugua paliwaka kama nyanya mbivu. Mkwaruzo ulikuwa uzi tu, kiraka changu kilionekana hadi barabarani.

"Sugua na pembeni, pafanane," akasema Fidele.

Nikamaliza mlango, ukauaibisha wa nyuma. Nikamaliza wa nyuma, bati la juu ya gurudumu likaona haya. Tukaazima dawa ya meno nyumba kwa nyumba. Nadhani mtaa mzima ulilala bila kupiga mswaki. Mzee Gaspari alipokuja na fimbo yake, kushoto gari lilikuwa jipya, kulia lilikuwa lile lile. Yeye akapandia kulia, asione kitu. Nami, mwanangu, nikanyamaza.

Kwa wakwe Fidele akaegesha upande mpya ukitazama hema. Unajua kazi ya msemaji wa upande wa binti ni kuchokoza. Akainuka taratibu.

"Wageni wetu, gari lenu limeingia getini likiwa zee, limeegeshwa likiwa kijana. Sasa huyu muoaji mmemng'arisha upande gani?"

Hema lote likaangua kicheko. Mzee Gaspari akageuka, akaliona gari lake. Akalitazama, akanitazama mimi, kucha zangu nyeupe kwa dawa ya meno. Nikajua posa imekwisha.

"Kijana ndiye upande unaong'aa," akajibu Mzee Gaspari. "Ule uliopauka ni dada yake. Alikuwa anamsugua mdogo wake, mwenyewe hakupata nafasi."

Vigelegele vikapasua hema, binti tukapewa.

Tulipokaribia nyumbani mzee akanigeukia. "Binti yangu, ungeniambia mapema, ningecheka tu. Umenipeleka vitani na gari nisilolijua."

Kwa hiyo, mwanangu, ukikwaruza cha mtu, mwambie kwanza, ndipo utafute kitambaa. Na atakayekusemea mbele za watu usimfiche kitu, maana ulimi wake ndio mwavuli wako.

Mungu akupe mikono mipole na jirani mwenye maneno. Nami aniongezee siku, kwani mzee yule alisimama kama baba yetu, na deni hilo sijalilipa bado.