Mkate Usiong'aa

Bekarini walimwita Kimya, wakidhani ni mtu wa busara. Ukweli ni kwamba maneno yalimjia wenzake wakiwa wamekwisha ondoka. Kazi yake ilikuwa kuchovya brashi katika yai lililopigwa na kuipitisha juu ya mikate midogo kabla haijaingia tanurini, ili itoke inang'aa kama kiatu cha askari. Hilo ndilo alilojivunia duniani, hilo na binti yake Chiriku, ambaye hakuwa hata na umri wa kwenda shule na tayari alikwisha sema mengi kuliko babake maisha yake yote.

Siku moja Chiriku alipewa yai la kuchemsha kwa jirani. Midomo ikafura, vipele vikamtapakaa mwilini. Kimya akaona sasa zamu yake ya kuwa mwenye nyumba imefika. Akapiga marufuku mayai. Hata kuku wa mama mkwe, waliokuwa wakidonoa makombo uani bila kumkosea mtu, aliwahamishia mwisho wa mtaa na kufagia manyoya yao mwenyewe.

"Kwani kuku wangu walimtagia mtoto mdomoni?" mama mkwe akamuuliza.

"Mama, usipoziba ufa..." alijibu, akiviambia viatu vyake.

"Utajenga ukuta, najua. Basi jenga, baba. Kuku wangu si matofali."

Lakini vipele havikukoma. Kila jioni Chiriku alijikuna. Kimya alinusa sabuni, akaanika mito, akayashuku mafuta ya kujipaka ya mama mkwe. Na kila jioni, kwa kumhurumia mwanawe, alimletea mkate mmoja mdogo ndani ya karatasi, ule uliong'aa kushinda yote.

Ndipo jioni moja kifua cha mtoto kikaanza kulia kama filimbi. Wakamkimbiza hospitali, akachomwa sindano, pumzi ikarudi. Wakaambiwa wampeleke kwa daktari wa mzio, yaani aleji, ajulikane anadhuriwa na nini.

Daktari huyo, mama mmoja mpole, alimdondoshea Chiriku matone ya vyakula mbalimbali mkononi na kulichoma kila moja kwa ncha ya sindano. Walingoja. Tone moja likainua uvimbe kama wa kuumwa na mbu.

"Hili ni la yai," daktari akasema.

Kimya akainua kichwa. Alitamani sana kumtazama mama mkwe, aliyekuja nao, ila aliogopa.

"Anakula nini nyumbani?"

"Uji, wali, maharage, ndizi," mkewe alisema. "Yai halivuki kizingiti chetu, Dokta. Baba Chiriku hata kuku kawafukuza."

"Na mkate wa baba," Chiriku akadakia. "Unang'aa. Mimi nalamba juu kwanza."

"Unang'aa kwa nini, baba?" daktari akauliza.

Macho ya Kimya yakakimbilia viatu vya daktari. Navyo viling'aa, hakukuwa na msaada huko. Miaka yote hiyo, kwake yai lilikuwa kitu chenye ganda, au kilicho kikaangoni. Lile la kwenye brashi halikuwa chakula. Lilikuwa kazi.

"Ni brashi tu, Dokta."

"Brashi ya nini?"

Angeweza kunyamaza, alikuwa fundi wa kunyamaza. Lakini ile filimbi bado ilimlia masikioni.

"Yai," alisema, kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa nje wakisubiri zamu.

Mama mkwe akasema, "Nirudishie kuku wangu."

Daktari hakucheka. Alieleza kwamba yai la juu ya mkate haliivi vya kutosha, akamfundisha Kimya kutumia sindano ya dharura ya kuweka nyumbani, na kumwambia kwamba watoto wengi hupona wakikua. Wakati ukifika wangeanza na yai lililookwa sana ndani ya keki, punje kwa punje, hapohapo mbele yake. Wasithubutu kujaribu nyumbani.

"Na wewe ndiye utakayeoka," alimalizia.

Mwaka uliofuata, vipimo viliporidhisha, Kimya alioka keki bila kugusa brashi. Ikatoka kavu, imefifia.

"Kimya, keki yako imefiwa?" wenzake wakamuuliza.

Aliibeba hivyohivyo. Daktari akamega punje, Chiriku akaila. Wakakaa. Kimya aliikodolea macho midomo ile kuliko alivyowahi kulikodolea tanuri lolote. Haikufura. Akasogeza sikio kifuani, hakuna filimbi.

"Baba," Chiriku alisema, "keki yako mbaya."

Kimya alimtazama usoni, siyo viatuni.

"Mbaya sana, mwanangu," alisema. "Nitakuokea nyingine."