Jasoda na Bei ya Sultani

"Mwenye duka wa kunitoza bei yake ya kwanza hajazaliwa, na mama yake bado hajaolewa!"

Jasoda, mjane wa mtia rangi, aliyatamka hayo mbele ya wageni wote arusini, na hakuna aliyembishia. Nusu ya mji wa Dilli ilikuwa ikimhonga samli aende kuwapatania bei.

Kisha Sultani Alauddin akapanga bei ya kila kitu, kuanzia farasi hadi sindano. Watu wakashangilia. Jasoda akalala kitandani, na ukimuuliza anaumwa wapi, anageukia ukutani.

Jirani yake Kesari alikuwa akimwoza binti yake. Kichwa kilimjaa arusi, matangazo ya mjini yalimpita tu. "Dada, twende ukaninunulie shuka. Nimeshawatambia wakwe, nimewaambia nakwenda na wewe."

Angesema nini? Akafunga kibwebwe.

Muuza nguo Hemraji alipomwona aliinamisha kichwa kama aliyefiwa. Miaka yote wamegombana kwa raha zao. "Mama, bei sasa ni moja," alinong'ona. "Nikiizidisha, nakatwa nyama ya paja."

"Nani kasema uizidishe?" Jasoda naye akanong'ona. "Wewe taja jitali thelathini, mimi nikutukane, tutashuka mpaka hapo hapo kwa Sultani. Jirani yangu anatazama."

Hemraji akachangamka. "Thelathini!"

"Thelathini? Kwani limefumwa na mkweo?"

"Ishirini basi. Unaniua, mama!"

"Kufa, nitakulilia bure. Nane!"

Watu wakajaa. Waliojua bei wakaziba midomo wasicheke. Kesari akapiga vigelegele. Walikuwa wamefika kumi na mbili pale msimamizi wa soko alipopenya na kumkaba Hemraji shingo.

"Thelathini nimeisikia kwa masikio yangu. Leteni kisu!"

Hemraji alimtazama Jasoda. Jasoda akamtazama Kesari.

"Mwachilie," Jasoda alimwambia msimamizi. "Tulikuwa tunacheza. Nalipa bei ya Sultani."

"Sema soko zima lisikie."

"Bei ya Sultani! Kama kila mtu!"

"Kumbe hata mimi ningelipa hiyo hiyo?" Kesari aliuliza.

"Hata wewe, mdogo wangu."

Shingo ikaachiwa. Jasoda akaweka sarafu kwenye kiganja cha Hemraji.

Shuka moja, jitali kumi.