Sajini Aliyekabidhi Rungu

Zamani, ukifika kwenye kaya ya watu huku kwetu Ufipa, ulichuchumaa kwanza. Ukapiga makofi polepole, viganja vimeachiwa nafasi katikati ili vitoe sauti nzito, na mwenye kaya akakujibu kwa makofi yake. Ndipo mkaulizana habari za nyumbani, za mbuzi, za ulezi, za baridi. Aliyekuwa na haraka alibaki kwao. Siku hizi kijana anapita na pikipiki, anainua kidole gumba, na hiyo ndiyo salamu. Akiongeza "mambo" ujue amekuheshimu sana. Sisemi haya ili mtu ajirekebishe, maana nimeshakata tamaa. Nasema kwa sababu ya jirani yangu Baltazari, ambaye makofi hayo nusura yamkoseshe kazi.

Baltazari aliondoka kijijini kwetu, karibu na Laela, akiwa na miaka kumi na tisa na suruali moja, akaenda jeshini. Alirudi baada ya miaka ishirini na saba, Sajini mstaafu, ana sanduku la bati la rangi ya kijani na sauti isiyojua tofauti ya kuomba chumvi na kuamuru gwaride. Nyumba ya nyasi aliyoiacha aliikuta ya matofali ya kuchoma na bati juu. Aliyeijenga ni mkewe, Coleta. Coleta ndiye aliyelima kwa maksai, akasomesha watoto, akamzika baba mkwe wake, akagombana na kila jirani aliyesogeza mpaka wa shamba. Mimi nilisogeza hatua mbili tu, na hadi leo ananikumbusha.

Wiki ya kwanza Sajini alipiga filimbi alfajiri, akapanga ndoo za maji kwa urefu. Wiki ya pili akawakagua kuku. Wiki ya tatu akamweleza Coleta kwamba jiko lake lina mlango mmoja, kwa hiyo halina njia ya kutorokea adui akitokea.

"Adui gani?" Coleta akauliza.

"Adui hatoi taarifa."

"Baba Lydia, miaka yote hii jiko langu halijavamiwa na mtu ila wewe. Nenda katafute kazi. Nyumba hii ina mkuu wake, naye hajaomba msaidizi."

Basi akaja kwangu niandike barua. Hapa kijijini barua naandika mimi, ingawa sikuvuka darasa la nne. Waliovuka wana simu. Nilimwandikia barua nzuri, ya kurasa mbili, yenye "kwa heshima na taadhima", na tukapanda basi pamoja hadi Sumbawanga, kwenye ofisi ya kampuni moja inayotafutia watu kazi. Tulimkuta binti anaitwa Sharon, kucha ndefu kama za kuchimbia viazi. Barua hakuifungua. Aliiweka chini ya kikombe chake cha chai.

"Mzee, una uzoefu gani wa kazi za uraiani?"

"Nilizaliwa uraiani," Baltazari akajibu, amesimama wima.

"Namaanisha, umewahi kuhudumia wateja?"

"Hapana. Tulikuwa tunawazuia."

Binti akaandika kitu, akasema tutapigiwa. Hatujapigiwa. Zamani askari akirudi tulimpokea kwa ngoma na mtungi wa pombe ya ulezi, akaulizwa ameona nini huko alikokuwa. Sasa anaulizwa kama anajua kompyuta.

Kazi aliipata palepale Laela, kwa Masunga. Masunga ni Msukuma, alikuja na ng'ombe miaka mingi iliyopita, akauza ng'ombe, akajenga ghala la kununulia mahindi kando ya barabara ya Tunduma. Mtu mnene, mwepesi wa kucheka, mwepesi zaidi wa kufukuza. Alimpa Baltazari rungu, koti, na nafasi ya kusimama getini.

"Miezi mitatu ya majaribio," akamwambia. "Magunia yangu yanapotea, Sajini, sijui yanapitia wapi. Ukiyazuia, kazi ni yako hadi uzeeke. Yakiendelea kupotea, utarudi kwa mama watoto."

Baltazari aliniambia baadaye kwamba katika maisha yake amewahi kutishwa kwa bunduki, lakini halijamwingia neno kama hilo la mwisho.

Akaanza kazi kijeshi. Kila lori alilikagua juu, akahesabu magunia, akapiga saluti, akafungua geti. Tatizo lilikuwa wazee. Mfipa mwenye umri wangu akifika mahali na gunia lake kwenye baiskeli, hawezi kumpita mtu mlangoni kama anapita mti. Anachuchumaa, anapiga makofi. Na Baltazari, pamoja na ujeshi wake wote, alilelewa na bibi mkali. Aliposikia makofi miguu ilijikunja yenyewe. Tena makofi hayapigwi kwa mkono mmoja, kwa hiyo rungu lilienda chini. Asubuhi moja nilimkuta anaamkiana na wazee wanne kwa zamu, rungu limelala vumbini, na kuku anadonoa kamba yake.

Mwisho wa mwezi Masunga akahesabu ghalani, magunia hayakutimia. Akatoka nje, akamwona mlinzi wake amechuchumaa anauliza habari za mbuzi.

"Bhebhe, wewe Sajini! Mwizi akija atakukuta umelala chini unamshangilia!"

"Nasalimia, bosi."

"Kuanzia leo hakuna kuchuchumaa. Hakuna makofi. Rungu lisitoke mkononi, hata aje babu yako kutoka kaburini. Hiyo ni amri."

Hapo Masunga alikuwa ametamka neno ambalo Baltazari hakuwahi kubishana nalo tangu aondoke kwao. Kesho yake akasimama getini kama mlingoti. Wazee wakachuchumaa, wakapiga makofi, wakasubiri. Akawajibu kwa saluti. Mzee mmoja wa upande wa Msanzi, ambaye hakuwahi kuona kitu kama hicho, alidhani anataka kupigwa kofi, akajikinga kwa kapelo yake.

Habari zikatembea upesi kuliko pikipiki. Kwa Masunga hawasalimii. Watu wakaanza kupitisha mahindi kwenye ghala la jirani, ambako mlinzi alikuwa mlevi lakini alipiga makofi vizuri. Na magunia ya Masunga yakaendelea kupotea vilevile.

Yote hayo Baltazari angeyavumilia. Lakini siku ya Alhamisi akafika Bibi Zita, mama yake Coleta, na gunia moja la mahindi juu ya mkokoteni. Kwa desturi yetu mkwe wa kiume ndiye anayeshuka. Anajitenga hatua kadhaa, anachuchumaa, macho chini kabisa, maana mama mkwe hatazamwi usoni, na anapiga makofi hadi yeye aseme imetosha. Baltazari alimwona, akakumbuka amri. Akapiga saluti, tena akimtazama usoni.

Bibi Zita aligeuza mkokoteni, akarudi nao kilomita tano, na gunia lake.

Jioni hiyo nilikuwa nimekaa kwao nikisubiri chai, nikasikia hukumu ikitolewa.

"Umemkazia macho mama yangu," Coleta akasema.

"Ilikuwa amri."

"Ya nani?"

"Ya Masunga."

"Masunga ndiye aliyekupa mke?"

Sajini akanitazama kuomba msaada. Mimi nikatazama birika.

"Jumamosi mama anarudi," Coleta akaendelea. "Nimemsihi sana. Ukisimama tena kama nguzo ya umeme, usirudi hapa. Kalale kwenye sanduku lako la kijani."

"Nikichuchumaa nafukuzwa kazi, Mama Lydia."

"Ukifukuzwa kazi utarudi hapa, na ndoo zangu sitaki uziguse. Kwa hiyo fikiri. Huko jeshini hamkufundishwa kufikiri?"

Jumamosi nikafunga magunia yangu mawili, nikaenda Laela. Wapo watakaosema nilikwenda kuchungulia. Nilikwenda kuuza mahindi, na kuchungulia.

Nilikuta lori limesimama mbele ya geti, limeshapakiwa, linangoja kutoka. Baltazari alikuwa amepanda juu, amehesabu, ameshuka, ameridhika. Cleophas, mpimaji wa mizani, kijana mtanashati wa raba nyeupe, alikuwa akizunguka lori akimwambia dereva aondoke mapema. Masunga amekaa kwenye kigoda, anaonja mahindi aliyochokonoa guniani kwa bambo. Ndipo mkokoteni wa Bibi Zita ukatokea barabarani.

Uwanja wote ukageuka kutazama. Hata wapagazi walijua. Baltazari alikauka, kifua mbele, jasho linamshuka katika baridi ile yetu ya Juni. Bibi Zita akasimamisha mkokoteni kando ya lori, akakunja mikono, akangoja.

Sajini akageuka kwa kisigino. Akatembea kwa hatua za gwaride hadi kwenye kigoda cha Masunga, akasimama, akanyoosha rungu kwa mikono miwili.

"Naomba kukabidhi silaha, bosi."

"Kwa nini?"

"Nina mkwe."

Masunga alipokea rungu, mdomo umejaa mahindi. Baltazari akarudi kwa hatua zilezile, na hatua kumi mbele ya Bibi Zita akashuka. Akashuka vizuri, kama walivyoshuka baba zetu. Macho chini, makofi mazito. Nami nilitaka kupiga makofi, nikajizuia, maana vijana walikuwa wakinitazama.

Sasa, mtu aliyechuchumaa na kuinamisha macho mbele ya lori haoni uso wa mama mkwe wake. Anaona chini ya lori. Na chini ya lori, juu ya chuma cha kubebea tairi la akiba, yalikuwa yamefungwa kwa kamba magunia mawili ya Masunga, na nyuma yake raba mbili nyeupe za mtu anayekaza fundo.

Nilimwona Baltazari akishtuka. Lakini salamu ya mkwe haikatizwi. Angesimama katikati, Bibi Zita angegeuza mkokoteni mara ya pili, na hapo hata kuhani asingewapatanisha. Dereva akawasha injini.

"Habari za nyumbani, mwanangu?" Bibi Zita akaanza, polepole, kwa sababu alikuwa anadai deni la heshima na alikusudia kulipwa lote.

"Njema, mama. Lori lisitoke!"

"Na watoto?"

"Wazima, mama. Chini ya tairi, bosi!"

"Na mbuzi?"

"Wanne, mama. Magunia mawili!"

"Mbuzi wanabebwa kwenye magunia siku hizi?" Bibi Zita akauliza, akafikiri, akaendelea. "Na baridi?"

"Ipo, mama, ipo, shikeni raba nyeupe!" Na hakuacha makofi hata mara moja.

Masunga ndiye aliyeelewa kwanza. Alijirusha mbele ya lori na rungu mkononi, mwili ule wote, dereva akazima injini mwenyewe bila kuambiwa. Cleophas alichomoka upande wa pili, akakuta mkokoteni wa Bibi Zita umeziba njia, akauruka, raba moja ikabaki kwenye gunia. Wapagazi walimkamata kwenye mtaro, wakampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa. Wakati huo salamu ilikuwa imefika kwenye ulezi.

"Haya, imetosha," Bibi Zita akasema mwishowe. "Simama, mwanangu. Wewe ni mtu mzuri, ila siku hizi unapiga kelele sana."

Masunga alimwita Baltazari, akamwambia majaribio yamekwisha. Rungu hakumrudishia. Alilitundika ukutani.

"Wewe chuchumaa tu," akasema. "Chuchumaa uangalie chini ya kila lori. Na wazee wako uwasalimie wote, warudi na mahindi yao."

Wamerudi. Mimi pia napeleka huko, ingawa bei ni ileile na mizani siiamini. Vijana hupita wakampiga picha kwa simu, wanaona kichekesho mtu wa vyeo amechuchumaa vumbini. Hawamjibu makofi, wanainua kidole. Miaka ishirini na saba alifundishwa kusimama, na sasa mkate anaupata kwa kuchuchumaa. Nilimuuliza kama haimuumi. Alisema magoti tu.

Juzi nilikuwa kwao tena, nasubiri chai. Baltazari alirudi kazini, akafika mlango wa jiko, ule mmoja usio na njia ya kutorokea. Hakuingia. Alichuchumaa kizingitini, akapiga makofi.

Coleta hakugeuka. Alikuwa akisonga ugali.

"Mguu pande," akasema, na akamsogezea kigoda.