Nimetoa Kiwanja Kisicho Changu ili Tupate Kisima

Admin, nifiche jina, maana hapa mtaani Kikula tunajuana hata kwa kikohozi. Nina miaka arobaini na mmoja. Kwetu ni Kongolo, mke na watoto wanne wako huko. Mimi niko Likasi mwaka wa sita sasa, nabeba mifuko ya mawe kwenye depo ya wanunuzi wa madini. Shule niliachia darasa la tatu. Nikikosea maandishi mnisamehe, ila nitakayosema ni kweli yote, hata yale ya kunitia aibu.

Ninapokaa si kwangu. Ni kiwanja cha mama mjane anayefanya biashara ya samaki kule ziwa Tshangalele. Nilipofika mji huu nikiwa mgonjwa, yeye ndiye aliyenipa chumba. Hanitozi kodi. Kazi yangu ni kulinda kiwanja na matofali yake, aliyoyachoma kidogo kidogo ili awajengee wajukuu zake yatima. Namwita yaya, dada mkubwa, naye ananiita mdogo wake.

Mtaa wetu una chama kidogo. Prezida wa chama akapata habari kwamba kuna wafadhili wanaochimbia vyama kama chetu visima vya pampu. Sharti lao: chama kionyeshe kiwanja ambacho mwenyewe amekitoa kwa maandishi. Sisi hatukuwa nacho. Wanawake wetu wanachota maji kwenye kijito, chini ya mahali watu wanaposafishia madini, na watoto wana vipele hadi kichwani. Zilibaki siku mbili tu za kupeleka maombi.

Prezida akanifuata depo na karatasi.

"Papa, tia sinyatire hapa."

"Ya nini?"

"Ya kisima. Unaogopa nini? Angalia, jina yako banaipiga na mashine kama ya ministre."

Karatasi ilikuwa ya Kifaransa. Ningeweza kuwaambia kwamba sikuelewa kitu, mngenihurumia. Lakini neno moja nililielewa: propriétaire. Kila mpangaji wa mji huu analijua, ndiye mwenye nyumba anayegonga mlango mwisho wa mwezi. Na liliandikwa mbele ya jina langu.

Nikamwambia, "Lakini kiwanja ni ya yaya."

Akacheka. "Yaya iko kwa samaki. Weye njo unalala pale. Tukipata, tutamuelezea polepole."

Maishani mwangu sijawahi kuona jina langu limepigwa mashine, tena kama la waziri. Nikatia sahihi. Na mnijue nilivyo: nilijisikia mtu mkubwa siku nzima.

Wafadhili wamekubali. Wanawake walicheza barabarani, na sasa nikipita wananitania: "Papa Propriétaire! Utatukumbuka shiye bamasikini?" Mafundi walikuja kupima, wakapiga vigingi palepale penye matofali ya yaya. Prezida akaita vijana wayahamishe, yamerundikwa nje karibu na mfereji, mengine yamevunjika. Ijumaa wageni, hao wafadhili, wanakuja kupokea kiwanja mbele ya watu. Natakiwa nisimame niseme nimekitoa kwa moyo wangu, na kwamba sitakidai tena milele.

Juzi yaya akapiga simu.

"Mudogo wangu, matofali yangu iko salama?"

"Iko, yaya."

"Mungu akubariki. Siku ya posho nakuja na fundi, naanza fondasio ya nyumba."

Posho ndiyo Jumamosi, siku moja baada ya wageni.

Nikaenda kwa prezida, nikamwomba tuwaambie wageni ukweli. Siku hiyo hakucheka. Alisema, "Fungua kinywa, tutaona. Kwa karatasi iko jina ya nani, yangu ao yako?"

Tangu hapo gari ya polisi ikipita depo najificha nyuma ya mifuko kama mwizi, na labda ndivyo nilivyo. Nikinyamaza, yaya atashuka na fundi wake akute kiwanja si chake tena, na mimi niliyekula chumvi yake ndiye niliyekitoa. Nikisema, wageni wataondoka na kisima chao, na wale wanawake watarudi kijitoni wakijua ni nani aliyewarudisha. Nikifungwa, watoto wangu watakula kwa nani?

Leo ni Jumatano. Ndugu zangu, mnaoijua sheria na mnaomjua Mungu, nianzie wapi? Nimpigie yaya kabla wageni hawajafika, au nisimame Ijumaa niseme mbele ya wote? Niandikieni haraka. Ila anayetaka kunishauri nikimbilie Kongolo asijisumbue. Mke wangu ameshanishauri, na begi nimeshalifunga. Hilo begi ndilo ninaloliogopa kuliko polisi.