Besi Upande wa Pili wa Ukuta

Jana Jumamosi, saa tisa na robo alasiri, Mama Neema aligonga ukuta mara ya pili. Ni mpangaji mwenzetu hapa Kihonda, anafanya zamu ya usiku kiwandani, mchana analala. Mama yangu alishasema jirani akigonga mara ya tatu, sabufa inaingia kabatini mpaka nimalize mtihani wa kidato cha nne. Na mimi sauti nilikuwa nimeshusha kabisa! Nilipandisha besi tu, maana ukishusha sauti wimbo unakuwa mkavu.

Babu, aliyeshuka juzi kutoka Mgeta, alikuwa anamenya njegere. Akaniita. Sikuweza kumtazama usoni. Naandika aliyosema kama yalivyotoka.

"Mwanangu, kaa. Kuna siku moja haijanitoka mpaka leo, nikiwa kijana wa umri wako na ushee. Nilikuwa na redio kaseti, ya kwanza kitongojini, na ilinivimbisha kichwa kweli. Unajua nyumba zetu kule mlimani, mlango wa moja unatazama paa la nyingine. Chini yangu alikaa mjomba, mkewe ana kichanga cha wiki moja. Nikajifanya mstaarabu: sauti chini, besi mwisho, redio nikaitia ndani ya debe tupu ivume vizuri. Mjomba akapanda. Na kwetu mjomba ndiye mwenye neno, hata kuliko baba. Hakufoka. Aliniambia nishuke nikakae kwake, yeye akabaki na redio. Mwanangu, sikusikia mwimbaji wala gitaa. Nilisikia du, du, du, na mtoto analia. Niliporudi akaniambia, 'Wimbo umebaki nao wewe. Sisi umetutwangia kinu kitupu.'

"Basi nisikilize. Sauti ikiwa chini, vinavyotangulia kupotea ni besi na vile vinavyolia juu, kama kayamba. Virudishe, lakini kidogo kidogo. Anza vitufe vyote katikati. Ongeza besi mpaka uisikie, usingoje ikugonge kifuani. Na ile sauti nyembamba iongeze kidogo. Spika itoe ukutani na sakafuni, iweke mezani, nawe usogee karibu. Ukimaliza nenda kwa jirani ukasikilize, maana besi inapita ukuta bila kukuaga. Mungu akupe masikio yanayofika mpaka kwa wenzio."

Akarudi kwenye njegere zake, akaongeza kwamba hata hivyo redio yenyewe ilikuwa mbovu. Nikacheka.

Lakini kwenda kwa jirani ndiko kulikoninyima raha. Tangu tuhamie hapa, mimi na Mama Neema ni shikamoo, marahaba, basi.

Leo asubuhi nilipanga vitufe na spika kama Babu alivyosema, kisha nikamsubiri Mama Neema mlangoni alipotoka zamu. Nikamwamkia, nikamwomba nikae chumbani kwake kidogo, Babu awashe muziki kwetu mara tukiingia. Alinitazama, akavua viatu, akanisogezea stuli. Tukakaa tukitega masikio ukutani.

"Sasa huyo babu yako anawasha saa ngapi?" akauliza.

Nikamwambia ameshawasha, tangu tulipoingia.